Makoti ya Kijani ya Wenyewe

Mimi nauza makoti Dar es Salaam. Cheka tu, wengi wameshacheka. Katika mji ambao mtu anatoka jasho akiwa amekaa chini ya feni, nani ananunua koti? Basi njoo mtaani kwetu Kariakoo uone. Wanakuja wanaoenda Makete, wanaoenda Mbulu, wanafunzi waliopangiwa shule za Njombe, na madereva wanaopakia bandarini wakijua kesho watalala Tunduma. Marehemu mume wangu alikuwa akiniita Waziri wa Baridi, na alikuwa akilitamka kwa sauti ya redioni. Tangu nilipotoka eda nimeendelea na wizara yangu peke yangu.

Katika kazi hii hakuna siku ninayoipenda kama siku ya kufungua belo la mitumba. Wewe umesimama juu ya mzigo, mkasi mkononi, wanawake wenzako wamekuzunguka roho juu, na hakuna anayejua ndani kuna nini. Ni pata potea. Unaweza kukuta makoti ya ngozi ya kumvalisha mbunge, na unaweza kukuta mapazia. Mimi nimekuwa nikifungua belo tangu sijaolewa na bado moyo unanidunda kila mara.

Belo ninalotaka kusimulia lilikuwa limetoka Ujerumani. Nilipokata mkanda wa mwisho likachomoza koti la kijani kibichi, zito, lina vifungo vya rangi ya fedha na nembo imedariziwa kwenye mkono: kisima, jembe la kukokotwa na ng'ombe, na mti. Nikavuta jingine. Nembo ile ile! Nikavuta la tatu, la nne, nikaanza kupiga kelele, hadi muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara akaja mbio akidhani nimeumwa na nge.

"Shoga, ni sare!" nikamwambia. "Watu wazima wamevua sare zao zote wakatupa!"

"Labda wamefukuzwa kazi," akasema, akarudi kwenye vitenge vyake.

Mteja sikumtafuta mbali. Chini ya ghorofa ninaloishi kuna saluni ya maharusi, na kila Jumamosi mchana bendi ya matarumbeta husimama mlangoni ikimsubiri bibi harusi atoke, ipande kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, na kumsindikiza mji mzima kwa vishindo. Kiongozi wao ni mtu wa Masasi, mfupi, mwenye kifua cha kupulizia. Alipoyaona makoti alishika kichwa.

"Mama makoti, haya ndiyo yenyewe! Watu watadhani tumetoka jeshini."

"Mtakufa na joto."

"Tutakufa tumependeza."

Walipendeza kweli, nisiwe mchoyo wa maneno. Jua la saa nane linawaka, wao wako juu ya kirikuu wamejifunga vifungo vya fedha hadi shingoni, jasho linawatiririka, na tarumbeta zinalia. Bei yao ya kukodishwa ikapanda na maringo yao yakapanda zaidi.

Halafu ikaja Jumamosi ya mzozo. Nilikuwa kibandani nakunja, nikasikia tarumbeta moja imekatika katikati ya wimbo. Natazama, namwona mwanamke aliyevaa sare ya upande wa bwana harusi, kilemba kimeenda kombo, amemkwida mpiga trombone mkono wa koti na hamwachii. "Hili koti umelitoa wapi? Niambie, umelitoa wapi?" Watu wakajaa. Mpiga trombone, msaliti yule, hakujiumauma hata kidogo. Akaninyooshea kidole mimi.

Nikatoka nimeshika kiuno. "Dada, hapa tunauza mitumba. Vya wizi nenda kaulize kwingine."

Nilikuwa tayari kumpa vidonge vyake, lakini yule dada alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akaniambia yeye ni dada wa bwana harusi, anaishi Ujerumani, ni nesi. Kazi yake ni kuzunguka vijijini kwa gari akiwahudumia wazee majumbani mwao. Kuna bibi mmoja anayemfunga bandeji za miguu, na kwenye ukuta wa jikoni kwa huyo bibi kuna picha ya marehemu mumewe. "Amevaa koti hili hili," akasema, akigusa nembo. "Kisima hiki, jembe hili, mti huu. Ni nembo ya kijiji chao. Mumewe ndiye alikuwa kiongozi wa bendi ya kijiji. Dada yangu, mimi nimeitazama picha ile hadi naiota, halafu leo naiona Kariakoo inacheza!"

Bibi harusi alikuwa ameshatoka saluni na amesimama mlangoni na shela lake, na hakuna aliyekuwa na habari naye.

Nesi alirekodi bendi kwa simu, akachukua namba yangu, akarudi Ujerumani, na haikupita muda simu yangu ikaita kwa video. Bibi mwenyewe! Nywele nyeupe zimekatwa fupi, sweta jeusi, macho ya buluu yaliyojaa maji. Nikampa shikamoo kabla sijajua nafanya nini. Nesi akamfundisha kuitikia, naye akaitikia "Marahaba" kwa kujikaza, halafu akajipigia makofi. Kuanzia hapo tulikuwa tukizungumza kila nesi anapoenda kumfunga bandeji. Yeye anasema, nesi anatafsiri, mimi nauliza. Na mimi kuuliza sichoki.

Kile kijiji nilikipenda hadi nikajiona nina wazimu. Bibi alikuwa akishika simu na kunitembeza. Nyumba zimekizunguka kidimbwi, na kidimbwi hakikuwekwa pale kwa urembo: kilichimbwa zamani ili nyumba zikiwaka moto maji yawe karibu. Nikamuuliza askari wa zimamoto wanakaa wapi. Akacheka. Wazimamoto ni majirani wenyewe! Mkulima, seremala, mwalimu, king'ora kikilia kila mmoja anatupa alichoshika anakimbilia pampu. Kila Jumamosi mchana wanakiliza kukijaribu, na watu huweka saa zao kwa king'ora hicho. Na Jumamosi hiyo hiyo kila mwenye nyumba anatoka na fagio kufagia barabara mbele ya mlango wake, halafu anashika ndoo ya kumwagilia na kwenda makaburini kumwagilia maua ya watu wake. Huku kwetu mwenyekiti wa mtaa anatupigia kipaza sauti tufanye usafi na bado watu wanajifungia ndani. Nilimwambia bibi aje agombee.

Mwenyekiti wao naye simjui mwenzake. Halipwi mshahara, anafuga ng'ombe wa maziwa, na katika bendi alikuwa mpiga ngoma. Siku moja bibi alimkuta njiani akamwita aje anisalimie. Akaja na mabuti yake ya zizini, akavua kofia, akainama mbele ya simu. Nilijisikia mimi ndiye rais.

Lakini kijiji chenyewe kilikuwa kinapungua. Bibi alinionyesha shule: imekuwa nyumba ya mtu. Duka: mapazia yameshushwa. Reli iliyokuwa ikibeba viazi vyao imeng'olewa na sasa ni njia ya baiskeli. Mkate unaletwa na gari linalopiga kengele, na wanawake wanatoka na vikapu kama tunavyomtokea muuza samaki. Ofisi ya kijiji imeunganishwa na ya vijiji vya jirani, huko mbali, na vijana wote wako mijini. Hoteli ndogo, palipokuwa panafanyika harusi zote na matanga yote, imefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza. Alisogeza simu kwenye kioo cha dirisha nikaviona.

Siku nyingine alinipeleka kwenye jiwe lililo kando ya kanisa, limechongwa majina ya wanaume waliokwenda vitani wasirudi. Jina la ukoo mmoja limejirudia hadi unachoka kusoma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Songea, na nilipokuwa mdogo neno Mjerumani alilitumia kututishia tulale. Sikuweza kunyamaza. Nikamuuliza yule bibi kama kuna mtu wa kijiji chao aliyekuja huku kwetu na bunduki. Nesi alisita kulitafsiri, nikamwambia tafsiri. Bibi akasema hajui, inawezekana, hakuna aliyewasimulia, na kwamba anaona aibu kuwa hajui. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nampenda, vyote viwili. Nikamwambia tuendelee kutembea.

Ndipo siku hiyo, baada ya jiwe lile, aliponieleza kwa nini makoti yalifika kwangu. Katika kijiji chao hakuna mtu anayezikwa bila bendi. Awe tajiri, awe mlevi, bendi inatoka. Mumewe aliwazika watu wote kwa tarumbeta yake, miaka na miaka. Lakini wapigaji wakawa wanakufa mmoja mmoja, wengine wakahama, na siku alipokufa yeye walikuwa wamebaki wachache mno hata wimbo haushikiki. Akazikwa kwa kengele ya kanisa peke yake. Wa kwanza katika kijiji, kwa kadiri wanavyokumbuka. Baada ya mazishi bibi aliyaona makoti yametundikwa kwenye chumba cha wazimamoto, hakustahimili. Akayakunja akayapeleka kwenye sanduku la nguo za kutoa.

"Mwisho wa kiangazi ninahama," akasema. "Binti yangu amenipatia chumba kwenye nyumba ya wazee mjini. Nyumba yangu imeshapata mtu. Nilitaka kuuliza, hao watu wako wa Kariakoo, wanaweza kumpigia mume wangu wimbo wetu mmoja, kabla sijaondoka?"

Nilimwambia wanaweza hata kabla sijawauliza. Nilikata simu nikakimbia na kanga yangu begani kumtafuta mtu wa Masasi.

Akagoma! "Mama makoti, huo ni mtego. Leo anataka wimbo, kesho atataka makoti yake." Alikuwa ameshalivua la kwake na kulikumbatia. Ilibidi nimpigie bibi pale pale ili amsikie kwa masikio yake. Bibi akasema makoti ni yao, ila yule mnene anayepiga tarumbeta kubwa ya besi amepoteza kifungo cha pili na yeye anacho cha akiba, atakituma. Mtu wa Masasi aliangalia pale palipokosa kifungo, akalainika.

Bibi alituma picha ya karatasi ya muziki, vile vidoti na mistari. Wakaipokezana simu, wakaigeuza juu chini, wakanirudishia. "Sisi tunapiga kwa masikio," akasema mpiga trombone. Basi bibi akatuimbia bila maneno, kwa sauti nyembamba, akipumzika kila hatua kwa sababu pumzi haikutosha na machozi yalikuwa karibu. Tukairekodi. Mtu wa Masasi aliisikiliza mara chache tu, akainua tarumbeta na wimbo ukatoka wote. Watu hawa wana masikio, nakwambia.

Mahali pa mazoezi palikuwa shida. Kariakoo haina kona iliyo kimya, na Mnazi Mmoja kila tulipoenda palikuwa na mkutano. Nikawapandisha juu ya paa la ghorofa letu, katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Na hapo ndipo nilipojipa ukubwa. Wao walianza kuupiga kwa kuuchangamsha kama mazoea yao, nikawazima.

"Polepole! Haya ni mazishi, mnadhani mnampeleka bibi harusi Mbagala?"

"Lakini mama, mkono wenyewe unataka kukimbia," akasema mpiga ngoma.

"Ufunge kamba. Ngoma usipige, iguse tu."

Wakatii. Hebu fikiria watu ambao maisha yao yote ni vifijo na noti za kutunzwa usoni, leo wamekunja nyuso, wanavuta kila sauti kwa huzuni, mabega yameshuka. Niliwafanyisha mazoezi hadi muuza vitenge, aliyepanda kuanika nguo, akakaa chini akalia. Nikasema hapo sawa, sasa tuko tayari.

Ikafika Jumamosi yenyewe. Sikufungua kibanda. Niliwapanga bendi pale juu ya paa, vifungo vimesuguliwa, kifungo cha besi kimeshafika kwa posta na nimekishona kwa mkono wangu. Huko kwao king'ora cha mchana kilikuwa kimeshalia. Nesi alikuwa ameshika simu makaburini, nikamwona bibi na sweta lake jeusi na ndoo ya kumwagilia. Mwenyekiti amevaa suti. Na nyuma yao majirani, wazee tupu, kofia mikononi. Moyo ulikuwa unanipiga kuliko siku yoyote ya belo.

Nikainua mkono. Wakaanza.

Walipiga vizuri sana. Kila mmoja alikuwa na adabu ambayo sikuwahi kuiona kwao, ngoma ikiguswa tu kama nilivyoagiza, besi ikinguruma chini chini. Wakamaliza. Nikatazama simu nikitegemea kumwona bibi amefarijika. Alikuwa anatikisa kichwa.

"Mbona wanalia?" akauliza. Nesi akatafsiri taratibu, naye mwenyewe amechanganyikiwa. "Waulize, mbona wanalia?"

Nikasema kwa sababu ni mazishi, bibi.

Bibi akaweka ndoo chini. Akaeleza, na mwenyekiti akawa anaitikia kwa kichwa. Kwao bendi hupiga mara mbili. Kwenda kaburini wanapiga polepole, wimbo wa kanisa, na hilo kengele ilishalifanya, hana neno. Lakini udongo ukishatupwa, bendi inageuka, inalipa kaburi mgongo, na inapiga wimbo huu. Kwa haraka! Kwa furaha! Wanaupiga kutoka getini hadi hotelini, watu wanafuata nyuma, na huko kuna kahawa na keki na vicheko. Ndivyo watu wanavyojua kuwa imekwisha na wanaruhusiwa kwenda kula.

"Huu ni wimbo wa kurudi," akasema. "Siku ile hakuna aliyetupigia. Watu walisimama hapa, hawakujua wafanye nini, wakatawanyika mmoja mmoja. Mimi bado sijarudi."

Mimi siku ya kutoka eda niliogeshwa, nikavalishwa, shangazi akanishika mkono akanivusha kizingiti na kuniambia haya, ishi. Kuna mtu alinivusha. Huyu bibi alikuwa amesimama pale kaburini muda wote huo na sweta lake jeusi, akisubiri kuambiwa.

Nikawageukia bendi nikilia waziwazi. Mtu wa Masasi alikuwa amenikodolea macho.

"Mama makoti," akasema kwa sauti ndogo, "yaani tunaruhusiwa?"

"Mnasubiri nini nyie! Pigeni!"

Hawakungoja niseme mara ya pili. Mpiga ngoma aliinua fimbo zake hadi kwenye kamba za nguo akazishusha kwa nguvu zote alizokuwa amezifunga wiki nzima. Tarumbeta zikalipuka. Njiwa wote wa paani wakaruka! Ule wimbo, ambao mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimeulaza kitandani, ukasimama ukaanza kukimbia, na kumbe ulikuwa wa kuchezwa siku zote. Madirisha ya ghorofa la jirani yakafunguka, watu wakatoka na vijiko mikononi. Muuza vitenge akapiga kigelegele kilichofika Upanga.

Kwenye simu nilimwona mwenyekiti amesimama nyuma ya bibi, anapiga mapaja yake kwa viganja, anafuata ngoma. Bibi akageuka. Akalipa kaburi mgongo, akaanza kutembea.

"Anatembea!" nikapiga kelele. "Anarudi! Shukeni na nyie, twendeni!"

Kule chini bibi harusi alikuwa ametoka saluni na ndugu zake wanauliza bendi yao iko wapi. Bendi ikashuka ngazi za ghorofa ikipiga, ghorofa kwa ghorofa, besi ikigonga kuta, mimi nyuma nimeinua simu juu. Sisi tukishuka ngazi, yeye anapita geti la makaburi. Sisi tukipita mlango wa fundi cherehani, yeye anapita kidimbwi, na wazee wale wote nyuma yake, wengine na mikongojo, wameshika mwendo. Hotelini hakusimama. Alivipungia viti vilivyopandishwa juu ya meza akapita, akawaongoza wote kwake.

Tulipotokeza mtaani bibi harusi alidhani ni yeye anayepigiwa, akaanza kucheza na shela lake, na sisi hatukumkatalia. Waliopigiwa walikuwa wawili siku hiyo.

Nilisikia nesi anacheka ndani ya simu. "Amefika mlangoni! Anauliza wapigaji wanywe nini, kwao bendi lazima inyweshwe."

"Mwambie soda ya baridi," mtu wa Masasi akapaza sauti katikati ya pumzi mbili, uso unachuruzika. "Makoti yake yanatuua!"

Nilimwona bibi akisikia tafsiri, akacheka hadi akashika fremu ya mlango. Akafuta viatu. Akavuka kizingiti, na wote wakaingia nyuma yake. Nikamwita, nikampa shikamoo kwa sauti ya juu kuliko tarumbeta, lakini nesi alikuwa ameshaiweka simu mezani na kwenda kusaidia. Nilichokiona ni dari ya jiko tu. Nilisikia viti vinavutwa, vikombe vinagongana, na sauti ya bibi ikiwakaribisha watu keki.

Sikuikata ile simu hadi salio likaniishia.